"Run" si kukimbia tu: namna ya kulishika neno lenye maana mia sita

Anayejifunza Kiingereza hupewa "run" siku za mwanzo kabisa: maana yake kukimbia, tuendelee na somo. Baadaye anakutana na "the tap is running", "she runs a clinic" na "we've run out of salt", na kote huko hakuna anayekimbia. Katika toleo la pili la kamusi ya Oxford English Dictionary, la mwaka 1989, kitenzi kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote kilikuwa "set". Wahariri walipokuja kuipitia upya herufi R, "run" ikafikisha maana 645, tena kwa kitenzi peke yake. Hesabu hiyo isikutishe. Nyingi ni za kitaalamu au zimechakaa. Kwa mazungumzo na kazi za ofisini, kama thelathini zinatosha, na hizo thelathini hazikumwagwa ovyo.

Kinachowapoteza wengi ni kukariri tafsiri moja moja. Sisi wenyewe hatukujifunza "piga" kwa njia hiyo. Ukisikia piga pasi, piga deki, piga kura, piga magoti, sikio halingoji kipigo, linangoja neno linalofuata. "Run" nayo isomwe hivyo hivyo: nani au nini kimetajwa kabla yake, kuna yambwa (yaani kile kinachotendwa) baada yake, na kuna kijineno gani, kama "out" au "into", kimeifuata.

Swali la yambwa ndilo lenye faida kubwa, na hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani. Sisi tuna enda na endesha: kiambishi kinatuambia kama kitu kinakwenda chenyewe au kuna anayekifanya kiende. Kiingereza hakina kiambishi hicho kwenye "run", kinatumia neno lile lile na kuacha yambwa iseme. "The machine runs" ni mashine inafanya kazi, "he runs the machine" anaiendesha. "The water is running", maji yanatoka, "run the water for a minute", fungulia maji yatoke kwa dakika moja. Programu ya kompyuta, kampuni, semina, jaribio la maabara, tangazo gazetini: vyote vikikaa baada ya "run" kama yambwa, jaribu kwanza "endesha" au "fanya kitu hiki kiende". Mara nyingi utakuwa umepatia, au umekaribia sana. Kwenye kamusi za wanafunzi alama T huonyesha kitenzi elekezi, yaani chenye yambwa, na I kile kisicho elekezi. Wengi huziruka alama hizo, kumbe ndizo zinazogawa maana zote katika mafungu mawili.

Mtendaji naye anasema mengi. Akiwa kimiminika, "run" ni kutiririka: pua ("my nose is running", mafua hayo), rangi ya nguo inayochuja kwenye maji, wino ulioloa. Ikiwa ni barabara, mto au uzio, "run" ni kupita au kuambaa, na hapo Kiingereza hutaka wakati uliopo wa kawaida: "the road runs along the river". Ukisema "the road is running" utaeleweka, lakini kwa kicheko. Basi au treni ikisemwa "runs every hour", inafanya safari kila saa. Mkataba "runs until June", unadumu hadi Juni. Ukiangalia vizuri utaona uzi mmoja unaozifunga maana hizi: mwendo usiokatika kutoka hapa hadi pale, uwe wa miguu, wa maji au wa muda.

Sasa vijineno, ambako ndiko watu wanakojikwaa. Anza na "run out", kwa sababu unaihitaji kila siku na kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kosa letu maalumu hapa. "Maziwa yameisha" hugeuzwa kuwa "the milk is finished", na "tumeishiwa maziwa" ikawa "our milk is finished". Si dhambi, lakini Mwingereza angesema "the milk has run out" na "we've run out of milk". Tazama jinsi zinavyolingana: kitu kikiwa ndicho mtendaji (kimeisha), hakuna "of", mtu akiwa ndiye mtendaji (ameishiwa), "of" ni ya lazima. Anayejua tofauti ya kuisha na kuishiwa tayari anaijua kanuni hii, kilichobaki ni kuihamisha. Angalia pia usiteleze ukaweka "on" mahali pa "of": "he ran out on his family" ni kwamba aliitelekeza familia yake.

"Run into" ina maana nne zinazotumika sana, na nomino inayofuata ndiyo inayoamua. Ikiwa mtu, umekutana naye kwa bahati. Ikiwa ukuta, umeugonga. Ikiwa matatizo, umekumbana nayo. Ikiwa kiasi, gharama zimefikia huko, kama "the cost runs into millions". Haitenganishwi kamwe: "I ran into him", wala si "I ran him into".

"Run over" ni kukanyaga kwa gari, na hapo kiwakilishi kinapenda kukaa katikati: "the car ran him over". Lakini kikao kinaweza "run over" pia, maana yake kimezidisha muda. Na "run it by me" ni niambie wazo lako nilisikie kabla hujaamua. Hapa yambwa lazima ikae kati ya "run" na "by".

"I'm running late" ni ya yule ambaye bado yuko njiani na anaona atachelewa. Saa ikishapita na kikao kimeanza, sema "I'm late". Kwenye ujumbe wa kazini tofauti hiyo ni muhimu: ya kwanza ni tahadhari, ya pili ni kukiri.

Nahau zenyewe hazihitaji maelezo marefu, zinahitaji kumezwa nzima. "In the long run" ni hatimaye, baada ya muda mrefu; ukiiondoa "in" na kusema "a long run", umerudi kwenye mbio ndefu. "It runs in the family" ni jambo la ukoo, liwe ugonjwa au kipaji. "A run for your money" haihusu pesa, ni upinzani mkali. "Run-of-the-mill" ni cha kawaida tu, na ikitangulia nomino huandikwa kwa vistari. "Run for office" ni kugombea; Waingereza husema zaidi "stand for". Kuna mbili za kuangalia mdomo. "On the run" aghalabu ni mtu anayesakwa, kwa hiyo kama una shughuli nyingi tu, sema "on the go". Na "the runs", kwa wingi na "the" mbele, ni kuharisha.

Daftarini usiandike neno na tafsiri yake. Andika sentensi nzima, piga mstari chini ya mtendaji, duara kwenye kijineno, kisha tunga sentensi yako kwa kubadili nomino moja tu: "we've run out of salt", "we've run out of time", "we've run out of ideas". Tano kwa wiki zinatosha. Kesho yake funika upande wa Kiingereza, soma Kiswahili, useme kwa sauti. Ukikwama, mara nyingi kilichokutoka ni kijineno, si "run".

Umbo lenyewe pia hukosewa na watu wanaojua Kiingereza kizuri: "run, ran, run". Baada ya "have" au "had" linarudi "run", kwa hiyo "have ran" ni kosa hata ukilisikia kwa mzawa. Na wingi wa "runner-up" ni "runners-up", "s" inakaa katikati.