Pendekezo la Tiba Liandikwe kwa Ajili ya Mtu wa Zamu

Katika vikao vya kupitia miongozo ya tiba ambavyo nimeshiriki hapa Dar es Salaam, wataalamu hukubaliana upesi kuhusu dawa, kisha huandika kwamba mgonjwa apewe tiba stahiki mapema iwezekanavyo na afuatiliwe kwa karibu, wakaenda kunywa chai. Sentensi hiyo haina kosa, ila haimsaidii kitu muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya Chanika.

Muuguzi huyo anataka kujua ni mgonjwa yupi anayehusika, atende nini, kwa dozi gani, na aache lini. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani kuhusu malaria kali linatekelezeka kwa sababu linajibu hayo yote: artesuneti ya sindano, miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 na miligramu 2.4 kwa wengine, irudiwe baada ya saa 12 na saa 24, kisha mara moja kila siku hadi mgonjwa aweze kumeza, ndipo apewe dawa mseto kwa siku 3. Linamkumbuka pia asiyeweza kutoa tiba kamili, ambaye huelekezwa kutoa dozi moja ya sindano na kumpa mgonjwa rufaa. Na kama sindano haipo, mtoto wa chini ya miaka 6 hupewa artesuneti kwa njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo, kisha rufaa papo hapo. Waandishi wengi wangeishia kwenye "inapowezekana", na hapo ndipo mapendekezo mengi hufia.

Ufuatiliaji nao uandikwe kwa vitu vinavyohesabika. Kwa mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, kabla ya kurudia dozi muuguzi ahakikishe kwamba anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaitika likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Hakuna haja ya kuongeza neno "makini".

Nguvu ya pendekezo nayo isichanganywe na ubora wa ushahidi, kwa kuwa GRADE, mfumo wa kupima ushahidi na mapendekezo ya tiba, hupima kila kimoja peke yake. Pendekezo likiwa la masharti, masharti yenyewe yatajwe palepale, si kwenye kiambatisho ambacho hakuna akifunguaye.

Kabla ya kuchapisha, wapeni rasimu matabibu ambao hawakuwa kwenye kamati, pamoja na maelezo ya mgonjwa wa kubuni, kila mmoja aandike maagizo yake bila kushauriana na mwenzake. Dozi zikitofautiana, sentensi irudi mezani. Napendelea watoke zahanati na vituo vya afya, kwa sababu wale wa hospitali ya rufaa huziba mapengo ya maandishi kwa uzoefu wao, wakarudisha rasimu wakisema inaeleweka vizuri.