Maswali Yenu: Gemu Imesasishwa, Modi Imekufa

Barua za safari hii zinatoka Dodoma na jirani zake, na karibu zote zinalalamikia jambo moja. Watengenezaji wa gemu hutoa vifaa vya kutengenezea modi (nyongeza ambazo wachezaji huitengenezea gemu wenyewe), kisha huvibadilisha bila kumsubiri mtu, na ukiwaandikia hawajibu. Tumezijibu kwa kirefu zile ambazo tatizo lake linapimika. Nyingine tumezijibu kwa kifupi.

SWALI: Nimetengeneza basi la abiria la Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori, lenye rangi kama za mabasi yanayotoka stendi ya Nanenane. Lilikuwa linakwenda vizuri. Gemu ilipojisasisha, basi halionekani tena kwenye duka la magari la ndani ya gemu, na nikifungua safari niliyoihifadhi gemu inajizima. Watengenezaji nimewaandikia, kimya. Nianzie wapi? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Anzia kwenye faili la game.log.txt. Liko ndani ya Documents, kwenye folda ya Euro Truck Simulator 2. Huandikwa upya kila unapowasha gemu, kwa hiyo linakili pembeni mara tu gemu inapojizima. Lifungue kwa Notepad utafute <ERROR>. Mistari ya <WARNING> iache kwanza, maana hata gemu isiyo na modi hata moja hutoa maonyo. Soma kosa la juu kabisa. Mengi yaliyo chini yake ni matokeo ya hilo moja, na ukianza kurekebisha kutoka chini utazunguka usiku kucha.

Ukikuta maneno "Failed to open file" yakifuatiwa na njia ya faili, basi lako linaita kitu ambacho hakipo tena pale. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Modi nyingi za mabasi huazima vipande vya gemu yenyewe: tairi, taa, sauti ya injini, vioo. Watengenezaji wakipanga upya folda zao, wewe uliyeazima hupewi taarifa. Toa mafaili ya toleo jipya kwa SCS Extractor, kifaa rasmi cha SCS, kampuni iliyotengeneza gemu hiyo, utafute kipande kilipohamia, kisha urekebishe njia ndani ya faili lako la .sii, yaani faili la maandishi lenye maelezo ya basi. Pakua Extractor mpya. Tangu toleo la 1.50 muundo wa makasha ya .scs, yanayofungia mafaili ya gemu, umebadilika, na vifaa vya kufungulia vya zamani vinashindwa kuyasoma.

Kama njia zote ni sahihi na basi bado halionekani, chukua faili la maelezo, lililo kwenye folda ya def, la lori lolote la gemu la toleo jipya, uliweke sambamba na lako ndani ya WinMerge, programu ya bure ya kulinganisha mafaili. Tazama mistari iliyoongezwa na iliyofutwa. Pia SCS huweka kwenye wiki yao ya modi ukurasa wa mabadiliko ya kila toleo. Umeandikwa kwa mkato mno, na hapo lawama yako ni ya haki, lakini majina ya vipengele vilivyobadilika utayakuta.

Sasa makosa mawili tunayoyaona kila mara. La kwanza ni kukimbilia manifest.sii, faili linaloitambulisha modi kwa gemu, na kubadili mstari wa compatible_versions[] ili usome toleo jipya. Hilo huondoa onyo kwenye orodha ya modi tu. Kilichovunjika ndani kinabaki kimevunjika, na sasa hata onyo huna. La pili ni ufungaji. Fungua .scs yako kwa 7-Zip. Ngazi ya kwanza lazima uone manifest.sii, def, vehicle na kadhalika. Ukiona folda moja yenye jina la basi na vitu vyote vikiwa ndani yake, gemu haisomi chochote. Ingia ndani ya folda hiyo, chagua vyote, ndipo ufunge kwa zipu. Usifunge kwa RAR.

Wakati unarekebisha, rudi toleo la nyuma ili uendelee kucheza. Kwenye Steam, programu unayonunulia na kuwashia gemu, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha Betas. Utaona orodha ya matoleo ya zamani, majina yakianza na "temporary". Wachache wanaotoa huduma hii, na SCS wanastahili pongezi kwa hilo. Kabla ya kurudi nyuma nakili safari zako, maana safari iliyohifadhiwa na toleo jipya inaweza kukataa kufunguka kwenye la zamani. Ziko kwenye folda ya profiles hapo hapo Documents. Kama umewasha hifadhi ya Steam Cloud, ziko ndani ya Steam: userdata, namba yako, 227300, remote, profiles.

Kuhusu kimya chao: kampuni inatoa Blender Tools, Conversion Tools na Extractor, lakini haijawahi kuahidi kukarabati modi ya mtu mmoja mmoja. Ukiandika "basi langu limeharibika" hakuna atakayejibu. Andika namba ya toleo, mstari wa kosa kutoka kwenye logi, na hatua za kulirudia kosa kwa lori la gemu lenyewe bila modi yoyote. Kosa likijirudia bila modi, hilo ni la kwao, na barua yako ina uzito. Likitokea kwenye modi tu, ni lako.

SWALI: Nataka kuchora barabara ya Dodoma hadi Morogoro kwa kihariri cha ramani cha gemu hiyo hiyo. Nimefungua nikaona skrini imejaa vitufe, maelezo hakuna. Inawezekana kweli? (Mwanafunzi, UDOM)

JIBU: Inawezekana, ila anza na hesabu. Nje ya miji, ramani ya gemu hiyo hutumia kipimo cha 1:19. Barabara ya takriban kilomita 260 itakuwa na kilomita 13 na kidogo ndani ya gemu, yaani dakika kama kumi kwa mwendo wa 80. Humo hutaweza kubanisha Chamwino, Kibaigwa, Gairo na Dumila zote kwa ukamilifu. Chagua mbili za kuzipa sura. Sisi tungechukua Kibaigwa, kwa sababu soko la mahindi linampa dereva mzigo wa kupakia, na Gairo kwa ajili ya milima. Zilizobaki ziwe kibao cha jina na nyumba chache.

Kihariri hukipati kwenye menyu. Fungua config.cfg, weka uset g_developer "1" na uset g_console "1", hifadhi, washa gemu, bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc, kisha andika edit europe. Kazi yako huhifadhiwa kwenye mod/user_map. Nakili folda hiyo nzima kila siku ya kazi na uipe tarehe, kwani kihariri hujizima bila kuaga, na umeme nao una saa zake.

Ramani imegawanywa katika vipande vya mraba vya kilomita 4 kwa 4, na kila kipande kina mafaili yake. Modi mbili zikigusa kipande kimoja, iliyo juu kwenye orodha hushinda yote na ya chini hutoweka, ndipo unaona barabara imekatika hewani. Kwa hiyo chora mbali na bara la Ulaya, mahali pasipo na ramani ya mtu mwingine. Kwa kuwa sisi huendesha kushoto, usichukue makutano ya Ujerumani ukayageuza kichwa chini. Nenda sehemu ya Uingereza ya ramani hiyo hiyo, bofya barabara na makutano yake, utazame yamepangwaje na vipande gani vimetumika, kisha uvitumie hivyo hivyo.

Muundo wa mafaili ya ramani ukibadilika katika toleo jipya, ramani ya zamani itakataliwa hadi uifungue kwenye kihariri kipya na kuihifadhi tena. Ramani ndogo ya kwako haitakuchukua muda mrefu. Wenye ramani kubwa ndio huumia, na ndio maana huwaona wakichelewa wiki nzima baada ya sasisho.

SWALI: Creation Kit, kifaa rasmi cha kutengenezea modi za gemu ya Skyrim Special Edition, inanitoa jasho. Ikipakia faili mbili kuu (master) inagoma, na hati zangu za Papyrus, lugha ya programu ya gemu hiyo, hazikubali kukusanywa (compile) kabisa. Nimefuata mafunzo hatua kwa hatua. Halafu rafiki yangu wa Singida akiweka modi yangu, gemu yake inajizima. (Msomaji, Area C)

JIBU: Mafunzo uliyofuata huenda ni ya Skyrim ya mwanzo, ambayo Creation Kit yake ilitoka Februari 2012. Ya Special Edition inafanana nayo kwa sura tu.

La faili kuu: fungua CreationKit.ini kwenye folda ya gemu, na chini ya [General] weka bAllowMultipleMasterLoads=1. Kwa nini kifaa rasmi kitoke kikiwa kimezima jambo ambalo kila mtengenezaji wa modi analihitaji? Vifaa hivi viliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ndani wenye mpangilio wao, kisha vikatolewa nje na mipangilio hiyo hiyo.

La Papyrus: mara ya kwanza ulipowasha kifaa, kiliuliza kama kifungue Scripts.zip. Ukibonyeza hapana, hati za msingi hazipo, na kila hati yako inayozitegemea itagoma. Fungua zipu hiyo mwenyewe ndani ya Data. Hapa ndipo mtego ulipo: gemu ya zamani iliweka hati kwenye Data\Scripts\Source, mpya inaziweka kwenye Data\Source\Scripts. Modi nyingi za watu bado zina mpangilio wa zamani. Ukichanganya, kikusanyaji kinaona nusu ya hati na kulalamika kuhusu nusu nyingine. Hamisha zote sehemu moja, na hakikisha sScriptSourceFolder chini ya [Papyrus] inaelekeza hapo.

La rafiki yako: muulize toleo la gemu yake kabla ya jambo lingine lolote. Tangu 1.6.1130 ya Desemba 2023, modi nyepesi za ESL (aina ya faili dogo la modi) zinaweza kubeba rekodi 4096 badala ya 2048, na Creation Kit mpya huhifadhi faili kwa kichwa (namba ya muundo wa faili) cha 1.71 badala ya 1.70. Mwenye 1.5.97 hawezi kulisoma faili hilo vizuri bila modi ya ziada iitwayo Backported Extended ESL Support. Wengi wamebaki 1.5.97 kwa makusudi, kwa sababu sasisho la Novemba 2021 lilivunja SKSE, kiongezi kinachozipa hati za modi uwezo zaidi, pamoja na vyote vinavyokitegemea. SKSE husoma anwani za ndani ya programu yenyewe. Programu ikikusanywa upya, anwani zinahama. Ukitaka toleo lako lisisogee, kwenye Steam chagua gemu isasishwe pale tu inapowashwa kupitia Steam, na wewe uwe unaiwasha kwa skse64_loader.exe.

SWALI: Nataka kuvalisha jezi za Dodoma Jiji kwenye gemu ya soka ya eFootball. Sehemu ya kuhariri iko wapi? (Mpenzi wa soka, Makole)

JIBU: eFootball ilipotoka Septemba 30, 2021 ilikuja bila sehemu hiyo. Tumia PES 2021, gemu iliyoitangulia, ambayo ina menyu ya Edit ya kutengeneza jezi, nembo na majina. Kazi yako yote hukaa kwenye faili moja liitwalo EDIT00000000, ndani ya folda ya save. Linakili kabla ya kuweka kazi ya mtu mwingine, maana lake litafuta lako lote. Jezi na nembo ni mali ya klabu. Kucheza nazo nyumbani ni jambo moja, kuziuza kwenye CD ni jingine.

SWALI: Nasubiri miaka kihariri cha gemu ninayoipenda. Wanachelewesha makusudi? (Kongwa)

JIBU: Mara nyingi kifaa chao kina vipande vya programu walivyokodi kwa kampuni nyingine, na leseni haiwaruhusu kuvigawa. Lazima viondolewe au vibadilishwe, na kazi hiyo hupangwa baada ya gemu kuuzwa. Starfield ilitoka Septemba 2023, Creation Kit yake ikafuata Juni 2024. Cities: Skylines II ilitoka Oktoba 2023, na kihariri kikafika Machi 2024 kikiwa bado cha majaribio. Kwa hiyo usinunue gemu kwa ahadi ya kihariri. Subiri kitoke, ndipo ununue. Bei nayo huwa imeshuka.

SWALI: Sasisho moja linamaliza bando langu lote. Mwenzangu wa mjini analo tayari. Naweza kulichukua kwa flashi? (Mpwapwa)

JIBU: Ndiyo. Kwenye mashine yake funga Steam kabisa, kisha nakili vitu viwili: folda ya gemu iliyo ndani ya steamapps\common, na faili la appmanifest la gemu hiyo lililo kwenye steamapps (la Euro Truck ni appmanifest_227300.acf). Kwako funga Steam, weka vyote mahali pale pale, washa, kisha uchague kuhakiki mafaili. Itapakua vilivyopungua tu. Lazima gemu uwe umeinunua kwenye akaunti yako mwenyewe. Flashi nyingi za dukani huja na muundo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Ifomati kwa exFAT kwanza, baada ya kuhamisha vilivyomo. Na umeme ukikatika katikati ya kunakili, usijaribu kuendeleza pale ulipoishia. Futa folda iliyonakiliwa nusu uanze upya, kwani faili lililokatika hubaki na jina lake kamili na utadhani lipo zima.