Barua kwa mwanangu: viatu vya kupokelea wageni

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku Mpwapwa hatujambo, ila joto limezidi na mvua bado hatujaiona. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na bibi yako. Umeniuliza kama uvae vile viatu vya mchuchumio ulivyonunua kwa ajili ya hafla ya kuchangia watoto njiti. Kamati imesema wasichana wote wa kupokea wageni wavae gauni refu jeusi na viatu virefu, na hivyo vyako vinakubana vidole tangu siku ya kwanza. Ukamalizia hivi: "Au nivumilie tu mama, si ni kwa ajili ya watoto?"

Usivumilie. Kuna jambo sijawahi kukusimulia, ngoja nikusimulie leo.

Mwaka 1991 nilikuwa nesi kijana. Tuliombwa wauguzi sita twende Dodoma mjini kusaidia kwenye hafla ya jioni ya kuchangia vitanda vya wodi ya wazazi. Sikuwa na viatu vya maana, mama yako mdogo akaniazima vyake vyeusi, namba 38. Mimi navaa 39, unajua. Nikaviingiza kwa mpini wa kijiko. Saa kumi alasiri tukapangwa mlangoni. Saa moja usiku bado nilikuwa nimesimama palepale, soksi imenatia kwenye kisigino cha kulia, na kila nikikanyaga naona kama nakanyaga kaa la moto.

Akaja bibi mmoja wa Kigogo. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana, na miguuni amevaa makatambuga yaliyofutwa vumbi vizuri kabisa. Akanisalimia, "Mbukwa." Ndipo nilipohamishia uzito mguu wa kulia. Nikakunja uso, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, bibi alikuwa anaitazama miguu yake. Hakusema kitu. Akageuka taratibu, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje pamoja na madereva.

Kumbe ndiye aliyealikwa kuzungumza. Mkwewe alijifungulia chini, kwenye mkeka, kwa kukosa kitanda. Jina lake likaitwa, likaitwa tena, mpaka mwenzangu mmoja akatoka kumtafuta. Usiku ule nilimfuata nikiwa peku, viatu nimevishika mkononi, nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akasema alidhani makatambuga yake yamenichukiza. Mwanangu, watu wote pale walikusanyika kwa sababu ya mwanamke kama yule, na mimi niliyewekwa mlangoni nimkaribishe ndiye niliyemrudisha nje. Maumivu yangu yalikaa usoni, naye akayasoma kuwa ni dharau. Angejuaje vinginevyo?

Kwa hiyo mtafute dada anayewasimamia, leo, usingoje siku yenyewe. Mwambie kwa heshima, "Dada, viatu virefu vinaniumiza, naomba nivae vyeusi vya flati, gauni litafunika." Sidhani kama atakataa. Akikataa, omba upangwe meza ya kuandikisha wageni, maana huko mtu anakaa. Na hata mkiwa mlangoni, ombeni kiti kimoja nyuma ya pazia na mpokezane. Hilo si deko. Wodini tulipokezana hivyohivyo.

Tena hafla yenu iko karibu na 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, na Novemba ya Dodoma unaijua ilivyo. Miguu huvimba kwa joto, na huvimba zaidi kwa kusimama sehemu moja, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu irudi juu, na ukisimama tu inalala. Ndiyo maana kiatu hujaribiwa jioni. Wewe bila shaka ulinunua asubuhi. Ukiwa umesimama, inua visigino na kushusha mara kwa mara, hakuna atakayekuona ndani ya gauni.

Kama unataka kuhakikisha, chukua karatasi jioni, simama juu yake kwa uzito wako wote, chora mguu. Halafu weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukionekana pande zote mbili za kiatu, hicho si chako, hata fundi akipanue namna gani. Mpe rafiki yako mwenye mguu mwembamba.

Malengelenge uliyokwisha kupata usiyatumbue. Osha kwa maji na sabuni, kausha, weka plasta. Ile ngozi ya juu ndiyo inayokinga kidonda. Siku ya hafla paka mafuta ya mgando kidogo mahali panaposuguana.

Muda utakaobaki usiumalize kwa kuzunguka chumbani ukizoea viatu. Wageni watakuuliza mtoto njiti ni nani. Waambie ni yule anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Hawezi kulinda joto lake mwenyewe, na wengi hawana nguvu ya kunyonya, hivyo hukamuliwa maziwa ya mama wakalishwa kidogokidogo. Waeleze pia kwamba mama humweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunge na kitenge, akae naye hivyo usiku na mchana. Nimewaona waliokuwa na kilo moja na nusu wakirudi kliniki wanatambaa. Lieleze hilo ukimtazama mtu machoni. Na akija mtu amevaa kandambili, huyo mpeleke kitini wewe mwenyewe.

Nimekufungia viatu vyangu vya flati, vile nilivyovaa siku ya kuagwa kazini. Soli ni ya mpira, havitelezi kwenye vigae, na namba yetu ni moja. Nitavikabidhi kwa konda wa basi la kesho asubuhi, kavipokee stendi. Bibi yako ametia karanga kwenye mfuko huohuo, zitoe mapema zisije zikapaka viatu mafuta.

Mama yako