Kwa mnaoanza kazi ya mashairi na michoro na watoto huku Kigoma

Wadogo zangu mnaokuja kujitolea, na nyie walimu mnaotaka kuanzisha klabu ya mashairi na kuchora shuleni, naandika haya maana naona watu wengi wanakuja na moyo mzuri kabisa afu wanaanza kusoma michoro ya watoto kama vile majibu ya maabara. Rangi nyeusi basi ana huzuni, nyumba haina mlango basi anaogopa. Nawaomba sana hilo mliache mapema.

Kuna mtoto mmoja wa upande wa Kibirizi alipaka karatasi nzima nyeusi kwa mkaa, akaacha vidoti vichache vya njano. Dada mmoja mgeni kwenye kundi akanivuta pembeni, wasiwasi umemjaa, anasema huyu mtoto ana jambo zito tumwandikie ripoti. Nikamwambia tukae naye kwanza, wala usimuulize kwa nini umepaka nyeusi, sema tu "nisimulie hapa". Mtoto akaanza, hili ni ziwa usiku, hizi ni taa za wavuvi, mwezi hamna. Sasa anayekaa huku anaelewa, dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka sana dagaa hawaifuati taa vizuri, watu wanakaa nchi kavu na nyumbani hela inakata. Lile giza kwa yule mtoto lilikuwa neema. Afu akagusa kidoti kimoja cha pembeni kabisa, akasema huyu baba, yeye anaendaga mbali. Akanyamaza. Hapo kwenye hicho kidoti ndipo wasiwasi wake ulipokuwa, sio kwenye ule weusi, na tusingejua kama tungekimbilia kutafsiri. Mchoro unampa mtoto mahali pa kuliweka jambo ili aweze kulinyooshea kidole, kazi yako ni kukaa karibu na kusubiri anyooshe.

Mashairi ni hivyohivyo. Najua wengi tumelelewa na beti la mistari minne, mizani 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, na ni urithi wetu naupenda mno, ila ukianza nao siku ya kwanza mtoto aliyebeba kitu kifuani atahangaika na vina badala ya kusema. Anza na kibwagizo. Yaani kundi zima mnakubaliana mstari mmoja, kila mtoto akitaka anatoa mstari wake na wenzake wanamjibu kwa pamoja. Sisi tulikuwa tunatumia "tupo hapa twasikia". Siku moja ikaenda hivi:

Mama kaenda Uvinza
Tupo hapa twasikia
Amesema atarudi
Tupo hapa twasikia

Hesabu mwenyewe, kila mstari ni mizani 8 na yule mtoto hakuna aliyemfundisha, sikio lake limeshayapata kwenye nyimbo za michezo. Na kibwagizo kina faida nyingine kubwa, mtoto asiyetaka kusema lolote bado ana sehemu yake. Wapo ambao watakaa muda mrefu wakiitikia tu, msiwalazimishe, kuitikia nako ni kushiriki, na mtoto ambaye mambo ya nyumbani hayatabiriki anatulia akijua ule mstari lazima utarudi.

Lugha msibane. Mtoto akitaka kusema kwa Kiha aseme kwa Kiha, na ukipata watoto waliokulia kambi kama Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa 1996, utakuta Kirundi na Kiswahili cha Kongo vinachanganyika, na watoto wa Kiha na wa Kirundi wanaelewana vizuri tu kwa sababu lugha zenyewe zinakaribiana. Mi nafungua kipindi kwa "mwakeye" na makofi kama Waha wanavyosalimiana, hata mgeni anajifunza siku hiyohiyo.

Vifaa visiwaumize kichwa, mkaa, udongo wa mfinyanzi, maboksi, nyuma ya karatasi zilizotumika.

Kitu ambacho naomba mkishike kweli: usimwambie mtoto "chora jambo baya lililowahi kukupata". Kama hujasomea ushauri nasaha na hutakuwepo wiki ijayo, unafungua kidonda afu unaondoka. Sema chora mahali unapopenda kukaa, chora mtu unayemkimbilia ukiogopa, lile zito likitaka kuja litakuja lenyewe kwa kasi yake. Na kabla hawajaondoka maliza na mchezo au wimbo wa kuruka, mtoto asirudi nyumbani peke yake na kichwa kimejaa.

Na usiahidi siri. Watakuambia "usimwambie mtu eti", jibu kwa upole kwamba kama kuna mtu anakuumiza itabidi nimwambie mtu wa kutusaidia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa serikali za mitaa, kwa hiyo mjue mapema afisa ustawi wa jamii wenu ni nani na dawati la jinsia na watoto la polisi liko wapi, na namba 116 ya simu kwa mtoto iandikeni ukutani kwa herufi kubwa, ni bure. Mtoto aliyeacha kula, halali, amejitenga na wenzake kwa wiki kadhaa, au anaongelea kufa, huyo ni wa kufikishwa hospitali na kwa wataalamu haraka, klabu haitoshi, hata kama anachora vizuri namna gani.

Michoro yenyewe ni mali ya watoto. Usiipige picha ukaweka status, usiibandike ukutani wageni wakija bila kumuuliza mwenyewe, na akisema hapana iwe hapana. Wengine wanataka kwenda nayo nyumbani, wengine wanaichana palepale wakimaliza, waacheni waichane.