Kabla Hujaihukumu Diski, Kagua Kebo

Ninyi mnaoanza ufundi wa kompyuta, siku za mwanzo mtapewa mashine kuukuu za enzi za Pentium, na mtaletewa diski nyingi zinazoitwa mbovu kumbe ni nzima. Nawasihi: kabla ya kumwambia mteja diski yake imekufa, kagueni kebo. Ndani ya diski hiyo kuna picha zake na hesabu zake za miaka.

Kebo bapa za IDE, yaani zile za zamani zinazounganisha diski na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ziko za aina mbili, na zote zina konekta ya matundu 40. Ya zamani ina nyaya 40. Iliyofuata ina 80. Itazame kwa karibu, utaona nyaya zake ni nyembamba na zimebanana. Zile 40 za nyongeza hazibebi data. Ni za ethi (za kutuliza umeme), zimepangwa kati ya nyaya za data ili ishara za waya mmoja zisiuingilie waya jirani. Diski ya Ultra DMA/66, yaani ya kupitisha hadi megabaiti 66 kwa sekunde, ukiifunga kwa kebo ya nyaya 40 itawaka na kusoma, lakini mwendo wake utagota kwenye megabaiti 33 kwa sekunde, na lawama zote zitaiangukia diski.

Ndiyo maana siupendi kabisa mtindo wa kuchana kebo kwa wembe na kuizungushia tepu ili upepo upite. Ukishachana, mpangilio wa ethi na data umeuvuruga. Ikunje tu, na mkunjo usiukandamize. Wala usiirefushe: kikomo chake ni inchi 18, kama sentimita 46.

Kwenye kebo ya nyaya 80, konekta ya bluu huenda kwenye mazabodi, nyeusi ya mwisho kwa diski ya kwanza, ya kijivu katikati kwa ya pili. Diski ikiwa moja, ifunge mwishoni. Ukiifunga katikati, ishara hufika kwenye ncha tupu na kurudi, zikaharibu zinazofuata. Jampa (vile vifuniko vidogo vya pini nyuma ya diski) zikiwa kwenye CS, yaani kebo yenyewe ichague, pini 28 ndiyo inayoamua nani wa kwanza. Kebo nyingi za nyaya 40 hazina utaratibu huo, kwa hiyo weka jampa ya diski moja masta (ya kwanza) na ya nyingine slevu (ya pili).

Tundu la 20 mara nyingi limezibwa ili kebo isiingie kinyume. Ukikuta mazabodi ya zamani yenye pini zote 40, usikate pini! Tafuta kebo isiyozibwa. Ukiikosa kabisa, toboa kizibo kwa sindano ya moto, taratibu, kebo ikiwa nje ya mashine.

Kwa kebo ya flopi, kisomaji cha disketi, ni rahisi: taa ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, kebo imegeuzwa.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni taarifa za SMART, zile diski inazojiwekea kuhusu afya yake, kipengele cha 199, kinachohesabu makosa ya data njiani kati ya diski na mazabodi. Hesabu hiyo huwa hairudi nyuma. Iandike, badilisha kebo, nakili mafaili makubwa, kisha itazame tena. Isipoongezeka, kosa lilikuwa la kebo. Mashine ikibaki nzito hata baada ya hapo, na inatumia Windows XP, fungua Device Manager: baada ya makosa kurudiarudia, XP huishusha diski kutoka DMA (njia ya haraka ya kupitisha data) hadi PIO (njia ya polepole), na kubadilisha kebo peke yake hakuirudishi. Futa chaneli ya IDE iliyoshushwa, washa upya, iache ijitambue yenyewe.