Mtambo wa gesi ukilipuka, wa kwanza kulaumiwa ni aliyekuwa zamu

Mkuu, umeuliza kwa nini uchunguzi wa mlipuko wa mtambo wa gesi huchukua miezi wakati "kila mtu anajua ni uzembe wa mfanyakazi". Nimefanya kazi ya zamu kwenye gesi hapa Dar miaka tisa, naomba nikujibu.

Usiku mmoja kompresa yetu, mashine ya kugandamiza gesi, ilivuja, moto ukawaka. Hakufa mtu, ila mwenzangu aliungua mikono yote miwili. Kulipokucha barua ikamfuata wodini: ajieleze kwa nini alifungua valvu ile. Aliifungua kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa na aliyemtangulia, kwa mdomo tu. Maelekezo ya maandishi hayakuwepo. Hakuweza kushika kalamu, akaniomba nimwandikie. Nikaandika maelezo ya mtu kujitetea huku bado ananuka dawa ya moto. Mpaka leo inaniuma.

Ndiyo maana nakumbuka Longford, kule Victoria, Australia. Tarehe 25 Septemba 1998 mtambo wa Esso wa kusafisha gesi asilia ulilipuka, wakafa wawili, wakajeruhiwa wanane. Pampu za mafuta ya moto zilikuwa zimesimama kwa saa kadhaa, chombo cha kubadilishana joto kikapoa mno hadi kikaota barafu nje. Chuma kilichopoa hivyo huvunjika kirahisi kama kioo. Mafuta ya moto yaliporudishwa, kikapasuka. Kampuni ilisema wafanyakazi walifundishwa, kosa ni lao. Tume ya uchunguzi ilikataa: hawakufundishwa hatari ya chuma kupoa kiasi hicho, wahandisi walikuwa wamehamishiwa mjini Melbourne, mbali na mtambo, na tathmini ya hatari za mtambo ule iliyopangwa haikufanyika. Mambo hayo huyapati kwa kumhoji mtu wa zamu asubuhi moja.

Watu wa Victoria walikaa karibu wiki mbili bila gesi, wakioga maji baridi. Sisi gesi ya Songo Songo inatufikia kwa bomba tangu 2004. Inaendesha mitambo ya umeme Ubungo, inaingia viwandani, na siku hizi hata bajaji zinaitumia. Jambo hili ni letu kabisa.

Mwenzangu alirudi kazini baada ya miezi minne. Ombi lake la kwanza lilikuwa maelekezo ya valvu ile yaandikwe. Yamebandikwa ukutani, pembeni ya kompresa, kwa Kiswahili.