Kabla Hujahama Msambazaji, Andika Namba ya Wimbo Wako

Juzi usiku kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, nimehama msambazaji, wasikilizaji wa wimbo wangu wamerudi sifuri. Nimerogwa?" Hujarogwa, mdogo wangu. Msambazaji, yaani kampuni inayotupandishia nyimbo kwenye mitandao ya kusikiliza muziki, hana uchawi. Yalinikuta hayo hayo, na mpaka leo yananiuma.

Mwaka 2019 nilirekodi wimbo kwenye studio ya chumba kimoja pale Mwanga, hapa Kigoma. Hela niliipata kwa kubeba mizigo Kibirizi, miezi miwili mgongo unawaka. Wimbo ukapendwa. Ukishuka Ujiji unaukuta saluni, ukipanda bodaboda dereva anauimba. Mama, aliyenisomesha kwa kuuza dagaa na akiuita muziki uhuni, siku moja nilimkuta anauimba jikoni. Sitasahau.

Baadaye nikagombana na msambazaji juu ya malipo. Kwa hasira nikaushusha wimbo, nikaupandisha kwa mwingine. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu inayouliza kama wimbo una namba ya ISRC tayari. Nikaiacha wazi. Wakanipa namba mpya, na mitandao ikauhesabu kama wimbo uliozaliwa jana. Nililia.

ISRC ndiyo namba ya utambulisho wa rekodi. Ina herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za aliyesajiliwa kuzitoa, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Yangu ilianza na QZ, herufi za Marekani, ingawa niliimba Mwanga, maana msambazaji alitumia namba zake. Hilo halina shida. Shida ni rekodi moja kubeba namba mbili. Ukifanya rimiksi au ukirekodi laivu, hapo ndipo unahitaji namba nyingine. Utunzi, yaani mashairi na melodi, una namba yake, ISWC. Albamu nayo ina UPC.

Na usimtambie mtu kwamba una ISRC kwa hiyo wimbo ni wako. Namba inatambulisha rekodi, haithibitishi mwenye mali. Mwenye mali anaonekana kwenye makubaliano yako na prodyuza, yaliyoandikwa na kusainiwa, si ya mdomo kwenye kijiwe cha kahawa.

Sisi wa Kigoma kuimba tunajua. Karatasi ndizo tunazidharau, tunadhani ni kazi ya watu wa Dar. Nunua kaunta buku! Jina la wimbo, tarehe, waliohusika, namba. Mimi ninalo, na kila wimbo wangu tangu wakati ule umo humo.

Wewe wa Kasulu, fungua ripoti za malipo za msambazaji wa kwanza. Namba huwa kwenye mstari wa jina la wimbo. Mwandikie msambazaji mpya leo. Akikwambia haibadilishwi wimbo ukishatoka, ushushe, uupandishe tena na namba ya zamani, faili lile lile, jina lile lile. Zimepita wiki mbili tu tangu uhame. Mimi niligundua baada ya mwaka.